Miche 14 ya Waridi la Jangwani Nyamasaria: Iliyooza, Iliyopona na Sababu

Miche ilikuwa 14, ya umri mmoja, kutoka kwa muuzaji mmoja wa kando ya barabara ya Nakuru kwenda Marigat. Aliyeinunua ni mwalimu mstaafu anayeishi Nyamasaria, mashariki mwa jiji la Kisumu. Aliileta Januari jua likiwaka, akaipanda mwezi huohuo. Mwisho wa Mei, masika yalipoanza kulegea, hesabu ilikuwa hivi: 6 imeoza mpaka kitako, 3 inaumwa, 5 ni mizima. Katika hiyo mizima, 2 ilikuwa imechanua kana kwamba haina habari ya msiba uliokuwa ukiendelea uwanjani.

Kisa cha namna hii watu huwa na jibu lake mfukoni. Waridi la jangwani likioza, mwenyewe huambiwa kwamba amelimwagilia mno. Mwalimu aliambiwa hivyo na jirani, akaambiwa na muuzaji kwa simu, akaambiwa na bintiye aliyeko Nakuru. Kila mara alikasirika, na alikuwa na haki. Hakumwagilia. Muuzaji alimwonya tangu mwanzo kwamba mmea huu hautaki maji, naye ni mtu wa kushika maagizo; alimkataza kijana wa shamba hata kupitisha mpira wa maji karibu na hiyo miche. Baada ya maji ya siku ya kupanda, hakuna aliyeimwagia hata kikombe.

Ndiyo maana nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa chote. Mtu ameshika sharti, mmea umekufa. Basi ama sharti lina kasoro, ama kuna jambo ambalo sharti halikulitaja. Nyamasaria yalikuwepo yote mawili.

Mmea wenyewe na kwao

Waridi la jangwani, ambalo wataalamu hulijua kwa jina la Adenium obesum, ni kichaka cha nchi kavu za Afrika na Uarabuni. Kinapatikana kuanzia Senegali, kupitia Saheli hadi Sudani na Pembe ya Afrika, kinateremka Kenya na Tanzania, kisha ng'ambo ya bahari kipo Yemeni na Omani. Hapa kwetu si mgeni. Ukitoka Nakuru ukapita Mogotio, ukavuka ikweta na kuanza kuteremka kuelekea Marigat na Kampi ya Samaki, utakikuta kwenye miteremko yenye mawe karibu na maziwa ya Bogoria na Baringo. Wakati wa kiangazi hakina jani hata moja. Unaona shina nono la kijivu lililojibana kati ya miamba, na juu yake maua ya rangi ya waridi iliyokolea pembeni. Asiyekijua hudhani kuna mtu ameyachomeka pale kwa mzaha.

Shina hilo nono ndilo akiba. Mvua inaponyesha mmea hujaza maji humo, halafu huyatumia kidogokidogo miezi ya ukame. Watu wengi wakisikia jangwa hudhani mimea yote ya huko huishi kwa hila moja. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na ukame ukaishia kuteka malisho ya watu, huishi kwa kuteremsha mizizi mirefu kuyafuata maji chini kabisa. Kando ya mto na kwenye nyanda zinazofurika unasitawi vilevile. Waridi la jangwani halina hila hiyo. Linategemea kilichomo ndani ya kitako chake, na kitako hicho ni nyama laini iliyojaa maji, yaani kitu ambacho vimelea vya kuozesha hukishambulia kwa urahisi wakipata mlango tu wa kuingilia.

Halafu kuna hii picha ya mchanga. Ukimwambia mtu achore jangwa, atakuchorea mchanga mtupu na ngamia. Waridi la jangwani Baringo huota kwenye mawe, changarawe na mteremko. Marigat hupata takribani milimita 650 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huja kwa kishindo, ikaporomoka bondeni ndani ya saa chache. Mizizi hulowa barabara. Siku inayofuata jua na upepo vimekwisha kulikausha jiwe. Kwa hiyo mmea huu haujazoea kunyimwa maji. Umezoea kuyapata mengi kwa mpigo, kisha yaondoke.

Kabla sijaingia uwanjani kwa Mwalimu nililinganisha kwao na ugenini, kwa sababu naona wauza miche wengi hawafanyi hivyo hata kidogo. Ziwa Baringo liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko kama mita 1,130. Kwa kimo, hao ni majirani. Joto la Kisumu huwa karibu nyuzi 29 au 30 mchana na hushuka hadi kama 17 au 18 usiku, hali ambayo mmea huu hauwezi kuilalamikia. Penye tofauti ni mvua: Kisumu hupata takribani milimita 1,300 kwa mwaka, maradufu ya Marigat, na hakuna mwezi unaoweza kuuamini kwamba hautanyesha. Ziwa Viktoria halina likizo.

Ungetosheka hapo ungesema mvua ndiyo iliyoua. Lakini mvua hiyohiyo iliinyeshea miche yote 14, ndani ya ua mmoja. Iliyokufa na iliyochanua zilikuwa hatua chache kati yake.

Njia ya kwenda langoni

Miche 8 ilipandwa ardhini, kando ya njia kutoka langoni mpaka barazani. Udongo wa Nyamasaria ni ule mweusi wa nyanda za Kano ambao mafundi wa ujenzi huuchimba wote na kuutupa kabla ya kuweka msingi. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa huvimba, nyufa hujifunga, na kila hatua unaondoka na nusu ya shamba kwenye kiatu. Ni udongo wenye rutuba, usiusingizie. Mpunga unaustawisha Ahero miaka na miaka. Ila mpunga unapenda kusimama majini.

Mwalimu aliandaa mashimo kwa bidii ya kweli. Alichimba futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, kipimo kilekile anachotumia kwa mipapai. Alichanganya udongo wa juu, samadi ya ng'ombe na mchanga wa mto, akarudishia. Akazamisha kila mche mpaka shingoni ili usimame imara, upepo wa ziwani usiuyumbishe. Mwisho akatandaza nyasi kavu kuzunguka shina. Kwa mpapai au sukuma wiki hiyo ni kazi ya kusifiwa. Kwa waridi la jangwani kila hatua ilikuwa inaongeza hatari, na hakuna aliyemwambia.

Anza na shimo. Ukichimba shimo kwenye udongo mfinyanzi kisha ukalijaza udongo uliolegea, umetengeneza bakuli. Maji ya mvua yanapita kwa urahisi kwenye ule udongo laini wa ndani, yanafika kwenye kuta za mfinyanzi, yanakwama. Kadiri unavyochimba kwa uchapakazi, ndivyo bakuli linavyokuwa kubwa. Mche mdogo uliobaki kwenye mfuko wake ungekuwa salama zaidi.

Mchanga nao haukusaidia. Hii ni imani iliyoenea katika nasari zetu zote za miche, kuanzia Kisumu mpaka Kakamega: udongo ukiwa mzito, ongeza mchanga. Mchanga laini ukiwa kidogo, chembe za mfinyanzi huingia katikati ya chembe za mchanga na kuziba nafasi yote. Unapata kitu kinachokauka kigumu kuliko kilivyokuwa. Ili mfinyanzi ubadilike tabia kwa mchanga ingebidi mchanga uwe ndio mwingi, tena ule mkubwa wa changarawe, na hapo utauliza mfinyanzi wenyewe unafanya kazi gani humo.

Samadi hushika unyevu na kuusukuma mmea utoe machipukizi laini. Nyasi zilizotandazwa huzuia udongo usikauke, ambayo ndiyo kazi yake. Na kuzika kitako ardhini ni kukiweka mahali penye unyevu siku nzima, wakati kwao Baringo kinakaa juu ya jiwe kikipigwa na jua.

Tulifukua mmoja wa iliyokufa. Mizizi ilikuwa ya kahawia, ukiivuta ngozi inavuka na kubaki uzi mwembamba katikati. Kitako ukikibonyeza kidole kinazama, na harufu yake sitaieleza, kuna watu wanasoma wakila. Mwalimu alikuwa amenunua dawa ya shaba dhidi ya ukungu kwenye duka la pembejeo na kuinyunyiza kwenye majani kila wiki. Sikuona sababu ya kumlaumu aliyemuuzia, dawa ilikuwa halisi. Ila tatizo lilikuwa chini ya ardhi na dawa ilikuwa juu ya majani. Kulikuwa pia na vidukari vya manjano kwenye machipukizi, vile vinavyopenda jamii ya oleanda, ambayo waridi la jangwani ni ndugu yake. Hivyo navyo niliviondoa kwenye orodha ya washukiwa, maana vilikuwa vimejaa kwenye mimea mizima na havikuwepo kwenye mingi iliyokufa.

Sasa, katika ile 8, miwili ya karibu na lango ilikuwa hai. Haikuwa na maua, lakini kitako kilikuwa kigumu na majani yameshika. Kijana wa shamba alinipa sababu bila kujua kwamba anatoa sababu. Alisema hapo langoni alishindwa kuchimba. Jembe lilikuwa linagonga mawe tu. Mafundi walipomaliza nyumba walimwaga pale kokoto zilizobaki na vipande vya matofali, na Mwalimu amekuwa akilalamika juu ya kile kifusi kwa miaka. Kijana alichokora tundu dogo, akasimamisha mche juujuu, akauzungushia mawe usianguke, akaenda zake kabla hajaonwa.

Ili kusiwe na ubishi tulichimba matundu mawili ya kina cha sentimita 30, moja katikati ya njia na jingine kwenye kifusi. Tuliyajaza maji mara ya kwanza ili udongo ushibe, yakaisha, tukajaza tena na kuangalia. Langoni maji yalikwisha kabla chai haijapoa. Katikati ya njia yalilala, asubuhi bado unajiona sura. Kipimo hiki hakina gharama, na ningependa kila anayenunua mche wa nchi kavu akifanye kabla ya kutoa pesa.

Vyungu vinne vya barazani

Miche 4 ilikuwa kwenye vyungu vikubwa vya saruji, vizuri kwa macho, vilivyopangwa mbele ya baraza. Huko hakuna udongo mweusi wa kuzunguka pande zote, kwa hiyo Mwalimu hakuelewa kwa nini 3 ilikuwa inaumwa: majani ya manjano yanayodondoka, shina lililolegea upande mmoja.

Kila chungu kilikuwa na tundu moja chini, dogo, na vyungu vyote vimekaa bapa juu ya vigae. Ndani ulikuwa udongo uleule wa njiani. Tulipokilaza cha kwanza, tundu lilikuwa limezibwa na mfinyanzi kama plagi. Tulipolizibua kwa msumari, maji yalitoka yakatiririka mpaka kwenye ngazi. Maji ya mvua ya juzi yake, si ya mkono wa mtu.

Cha nne kilikuwa na mche mzima. Udongo uleule, kivuli kilekile cha asubuhi, mvua ileile. Tofauti yake ni kwamba gari la mgeni lilirudi nyuma likakigonga siku za Pasaka, kikapata ufa kuanzia mdomoni mpaka chini. Mwalimu alikuwa amepanga kukitupa. Kwa miezi ile yote maji yalikuwa yakivujia kwenye ufa.

Sijawahi kuona jaribio la kitaalamu lililopangwa vizuri kuliko hilo, na lilipangwa na dereva asiyeangalia kioo.

Nyuma ya jikoni

Iliyochanua ni ile miwili ambayo haikupandwa kabisa. Mwalimu alichoka, akaiacha kwenye vyombo vya plastiki vya muuzaji, kijana akaiweka juu ya ukuta mfupi wa mawe nyuma ya jikoni. Nilipofika nilidhani nitakuta mahali pakavu palipokingwa mvua. Kumbe ukuta uko chini ya ukingo wa paa, na paa la upande huo halina mfereji. Kila mvua ikinyesha, mabati yote ya jikoni humwaga maji yake juu ya vyombo hivyo viwili. Kijana alisema, "Hii ndiyo inakunywa kuliko zote," na alisema kweli.

Hapo lile sharti la muuzaji lilianguka rasmi. Miche iliyopata maji mengi zaidi katika ua mzima ndiyo iliyokuwa na maua.

Vyombo vyake vilikuwa vidogo, vyenye matundu mengi chini na ubavuni. Ndani yake muuzaji alitia changarawe ya huko kwao na udongo kidogo sana. Ukimwaga maji juu yanatoka chini papo hapo. Ukuta wa mawe hupata jua tangu saa nne asubuhi na kulihifadhi joto lake, na kuna upenyo wa upepo kati ya jikoni na ua. Ikinyesha jioni, kesho adhuhuri changarawe ni kavu. Ukitaka Baringo ndogo Nyamasaria, ilikuwa pale, imejitengeneza yenyewe.

Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya mmea huu ni muda: mizizi inakaa imelowa kwa saa ngapi, na katika joto gani? Kiasi cha maji ni jambo la pili. Mizizi hupumua hewa iliyoko kwenye vinafasi vya udongo. Maji yakivijaza na kukaa siku mbili tatu, hewa huisha, ncha za mizizi hufa, na zile ncha zilizokufa ndizo mlango wa vimelea vya kuozesha, ambavyo vingi husafiri kwa raha kwenye maji yaliyotuama. Vikishaingia, kitako chenye akiba ya maji hakina mahali pa kujificha. Udongo wa changarawe ukilowa, maji hushuka na hewa huingia nyuma yake, mlango haufunguki.

Sharti sahihi ambalo Mwalimu angepewa ni kuloanisha kabisa, kisha kuacha pakauke kabisa kabla ya kurudia. Lile la muuzaji, "hautaki maji", lingemtesa hata kiangazi. Januari na Februari, kwenye chombo kidogo chenye changarawe, mmea ulio kwenye jua kali unahitaji maji ya kutosha kila baada ya siku kadhaa, la sivyo unasinyaa na kuacha kukua. Hautakufa upesi, lakini utakaa vilevile mwaka mzima na mwenyewe atasema mmea huu ni mvivu.

Binti wa Nakuru

Yule binti naye ana miche miwili ya muuzaji yuleyule, na matatizo yake ni ya aina nyingine, kwa hiyo ushauri aliompa mamaye haukufaa na ushauri wa mamaye haungemfaa yeye. Udongo wa Nakuru ni wa majivu ya volkano, mwepesi, hupitisha maji vizuri. Ila mji uko kwenye mita 1,850 hivi, na usiku wa Juni mpaka Agosti baridi hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Mmea ukihisi baridi hiyo hudondosha majani na kulala. Mwenyewe akiona umepukutika hudhani una kiu, anamwagilia, na mizizi iliyolala haiwezi kuyanywa. Baridi na maji kwa pamoja huozesha hata kwenye udongo mzuri. Nilimwambia auegemeze kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, chini ya paa, asiupe maji mpaka aone machipukizi.

Kumtofautisha aliyelala, mwenye kiu na anayeoza, tumia vidole. Kitako kigumu kisicho na majani kimelala. Kilichosinyaa chenye mikunjo lakini kinarudi ukikiachia kina kiu. Kinachobonyea na kubaki kimebonyea, hasa kikiwa na unyevu au doa jeusi, kinaoza, na hapo hakuna dawa ya kunyunyiza, ni kisu.

Kisu

Kabla ya kisu, glavu. Utomvu wa mmea huu ni sumu inayoshambulia moyo. Wawindaji wa sehemu nyingi za Afrika waliutumia kupaka mishale. Kijana alishaanza kukata kwa mikono mitupu huku akijifuta jasho usoni, ikabidi nimkemee kwa sauti ambayo baadaye nilimwomba radhi. Vipande vyote vilivyokatwa tulivizika mbali na mbuzi wa jirani, na Mwalimu akaambiwa wajukuu wasichezee majani wala maganda. Ukishika utomvu, nawa kwa sabuni kabla hujagusa jicho au chakula.

Ile 3 ya vyunguni tuliing'oa, tukaosha udongo, tukakata kila kilichooza mpaka nyama safi nyeupe. Kisu kilifutwa kwa spiriti kila baada ya mkato. Kukiwa na duara la kahawia kwenye nyama, hata dogo, unaendelea kukata, maana hiyo ni njia ya kuoza kupandia juu. Mimea 2 ilipata mwisho safi. Wa 3 duara lilipanda mpaka matawini. Tuliokoa vichwa viwili vya matawi kama vipandikizi. Vitaota, ila mmea wa kipandikizi mara nyingi haujengi kitako kinene kama wa mbegu, na Mwalimu alielezwa hivyo asije akangoja bure.

Majeraha yalipakwa unga wa salfa, mimea ikawekwa kivulini penye upepo, mizizi nje, mpaka jeraha likauke na kujifunga. Hapo ndipo watu hushindwa. Huona mmea umelala mezani bila udongo wiki nzima wakaingiwa na huruma. Una akiba yake. Wiki mbili hazitauua.

Udongo mpya tuliuchanganya hivi: sehemu 3 za kokoto ndogo zilizochekechwa vumbi likatoka, sehemu 1 ya makapi ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi, sehemu 1 ya mboji iliyoiva. Makapi yalitoka Ahero, ambako wenye vinu hufurahi ukiwaondolea. Mawe ya pumisi, yale mepesi yanayochimbwa upande wa Naivasha ambayo mashamba ya maua huyatumia kuoteshea waridi za kuuza nje, ni bora zaidi kwa kuwa hushika unyevu kidogo bila kuziba hewa. Lakini kuyasafirisha mpaka Kisumu kwa ajili ya vyungu vitano ni anasa, na kokoto inafanya kazi ileile, mgongo wako tu ndio utakaolipa. Usiruke hatua ya kuchekecha. Vumbi la kokoto likibaki hugeuka kuwa saruji baridi chini ya chungu.

Vyungu vya saruji vilitobolewa matundu matano kila kimoja na kuinuliwa juu ya vipande vya matofali. Kile chenye ufa kilibaki na ufa wake. Mimea ilipandwa juujuu, kitako nje, ikaachwa wiki moja kavu ndipo ikapewa maji.

Njia ya langoni ndiyo tuliyobishania. Mwalimu alitaka kununua miche 6 mingine na kuchimba mashimo yaleyale, safari hii yakiwa na kokoto chini. Nilikataa. Kokoto chini ya shimo la mfinyanzi haiondoi maji, yanakusanyika tu humo chini na kupanda. Lipo suluhisho la kweli: tuta la mawe na kifusi lililoinuliwa nusu mita juu ya ardhi. Alipopata bei ya fundi alicheka. Tukakubaliana kifusi cha langoni kiongezwe kidogo kiwe kilima cha ile miwili, na sehemu iliyobaki ya njia ipandwe maua ya kana, ambayo udongo mweusi na maji ya masika ni sherehe kwao.

Ile miwili ya nyuma ya jikoni imeachwa ilipo, na paa halitawekwa mfereji upande huo kwanza. Imetoa maganda ya mbegu, yale yanayotoka mawili mawili kama pembe, jambo ambalo halikunishangaza kwa kuwa ni mimea miwili tofauti iliyochanua pamoja, na mmoja peke yake mara nyingi hautungi. Ganda likikomaa hupasuka, na kila mbegu ina manyoya kwenye ncha zote mbili. Upepo mmoja wa ziwani na mavuno yote yako Ahero. Kwa hiyo yamefungwa uzi. Yakipasuka ndani ya uzi, mbegu zipandwe zingali mbichi, kwenye mchanganyiko uleule wa kokoto, zifunikwe kidogo tu, na kwa joto la Kisumu zitaanza kuchipua ndani ya wiki moja hivi. Mwalimu ameshaomba vyombo vya plastiki vya kuziwekea. Ametaka vyenye matundu mengi.